UKUBWA WA MASHINE YA BOTI NA MATUMIZI YA PETROLI

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama wetu, fundi wa reli, katika mkutano wa tawi, Free Area, Nakuru)



Mimi si mvuvi. Mimi ni fundi wa reli, na elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni tu. Lakini hesabu ya kujumlisha na kutoa niliipata huko, na jambo la leo ni la hesabu.

Mnajua kwamba baadhi yetu tuliweka akiba pamoja, tukanunua boti ya mbao. Ziwa letu la Nakuru limo ndani ya hifadhi ya taifa, kwa hiyo boti tuliipeleka Kampi ya Samaki, Ziwa Baringo, ibebe abiria, samaki na mizigo. Sasa tunataka kuchukua mkopo tununue mashine ya pili, na wengi wanasema tuchukue tena ya nguvu za farasi 40. Mimi napinga, na nitaeleza sababu.

Kwanza nakiri kosa langu. Tuliponunua ile ya kwanza, mimi ndiye niliyesimama nikasema tuchukue kubwa. Muuzaji alituambia kwamba mashine kubwa haichoki, kwa hiyo hula kidogo. Tukaamini. Miezi ikapita, na nahodha wetu akawa analeta fedha za kununulia sabuni tu. Tukamdhania kuwa mwizi, na wengine wakataka afukuzwe. Ndipo nilipokwenda mwenyewe, nikakaa botini siku mbili na chombo cha kupimia. Ndugu zangu, nahodha hakuwa mwizi. Mwizi alikuwa amefungwa nyuma ya boti kwa skrubu mbili. Nahodha tumekwisha kumwomba radhi.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyo. Boti nzito ya mbao inapokwenda husukuma maji, na maji hayo hujenga wimbi mbele yake. Kadiri inavyozidi mwendo, wimbi huzidi kuwa kubwa, mpaka boti inakuwa kama inapanda mlima ilioujenga yenyewe. Boti yetu ina urefu wa mita 7 hivi majini, na kwa urefu huo mlima huanza karibu na kilomita 12 kwa saa. Kabla ya hapo petroli inafanya kazi ya safari. Baada ya hapo nyingi inafanya kazi ya kutengeneza mawimbi.

Sisi wa reli tunaelewa jambo hili. Treni ikitoka hapa Nakuru kupanda Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, dizeli inakwisha kwa sababu ya mlima, na hatuna la kufanya kwa kuwa mlima aliuweka Mungu. Lakini mlima wa majini tunaujenga wenyewe kwa kufungua mashine kupita kiasi. Kanuni yake ni kali: kwa boti ya namna hii, ukitaka kuongeza mwendo mara mbili, nguvu inayotakiwa haiongezeki mara mbili, bali karibu mara nane au zaidi.

Haya tupige hesabu. Mashine za kuchanganya petroli na oili, ikiwa zimefunguliwa zote, hula karibu nusu lita kwa kila nguvu moja ya farasi kwa saa, au pungufu kidogo. Ya 15 hula kama lita 7, ya 40 kama lita 18. Tuseme safari ya kwenda na kurudi ni kilomita 24. Mashine ndogo, kwa kilomita 12 kwa saa, itachukua saa mbili na lita 14. Ile kubwa ikitufikisha kilomita 16 kwa saa, itachukua saa moja na nusu na lita 27. Tumenunua nusu saa kwa lita 13. Ikiwa lita moja ni Sh. 180, nusu saa hiyo ni Sh. 2,340. Kwa siku 6 ni Sh. 14,040. Nani hapa analipwa hivyo kwa nusu saa?

Mtu atauliza: kwa nini tusichukue kubwa na kuiendesha polepole? Inawezekana, na ndivyo tunavyofanya sasa na ile tuliyo nayo. Lakini ina uzito karibu mara mbili ya ile ndogo, na bei yake ni kubwa. Tena mashine hizi zikiendeshwa polepole muda mrefu, petroli nyingine hutoka bila kuungua, na plagi hushika masizi.

Lakini sitaki kuwadanganya kama tulivyodanganywa. Mashine ndogo mno nayo ni hasara. Boti nyepesi ya fiberglass, yenye tumbo bapa, inaweza kupanda juu ya maji na kuteleza. Mashine ikiwa dhaifu, boti hiyo inainua pua, inaburuta mkia, na petroli inakwisha bure. Kwa boti ya namna hiyo mashine kubwa yaweza kuwa nafuu. Tena Baringo iko karibu mita 1,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na mashine hupoteza kama sehemu moja katika kumi ya nguvu zake. Naivasha, karibu mita 1,900, hupoteza zaidi. Na upepo wa alasiri huko ziwani si mchezo, na mamba wamo. Ndiyo maana sisemi tuchukue ya 8. Nasema 15.

Kwa hiyo Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano ukubali mambo matatu. La kwanza, tununue ya nguvu 15, yenye propela inayofaa mzigo mzito. La pili, fedha itakayobaki inunue maboya ya kuvaa kwa kila abiria. La tatu, pawe na kitabu cha mafuta botini, kila safari iandikwe lita na saa, kama sisi tunavyoandika kazini. Kitabu kingekuwako mwaka wa kwanza, tusingalimshuku mtu asiye na hatia.

Wazee walisema haraka haraka haina baraka. Ziwani, haraka ina bei yake, na tunailipa kwa lita.