MTOTO MGONJWA HUUGUZWA MWILI NA MOYO

Maneno ya hotuba kwa wazazi wa Kitui na Makueni



Katika nchi ya Ukambani hakuna mtu asiyejua maana ya kiangazi. Mvua za mwezi wa Novemba zikipungua, mahindi hukauka yangali machanga, na mito ya mchanga, kama Tiva, hubaki haina maji juu yake. Akina mama huchimba mchangani wapate maji, kisha huyachukua mwendo mrefu mpaka nyumbani. Akina baba wengi huwa wako kazini Nairobi au Mombasa. Katika taabu hiyo mtu wa kwanza kudhoofika ni mtoto mdogo, hasa yule aliyekwisha kuachishwa ziwa.

Wazazi wa Kitui na Makueni hawakosi kuwapenda watoto wao. Mama huondoka alfajiri, mtoto akiwa mgongoni, ili afike zahanati kabla ya jua kuwa kali. Lakini mara nyingi huko huulizwa habari za tumbo, homa na kikohozi tu, wala haulizwi habari za moyo wa mtoto. Je, mtoto anacheka? Anacheza na wenzake? Analala kwa amani? Hotuba hii inataka kueleza kwa nini maswali hayo nayo ni kazi ya uuguzi, wala si maneno ya kupitisha wakati.

JINA LENYE MAFUNDISHO

Mwaka 1933 daktari mmoja mwanamke, Bibi Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, alikuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo huitwa Ghana. Aliandika habari za watoto wadogo waliovimba miguu, wenye nywele zilizogeuka rangi na ngozi iliyobambuka. Mwaka 1935 akautangaza ugonjwa huo kwa jina alilolipata kwa wanawake wa Accra, yaani kwashiorkor. Kwa Kiswahili huitwa unyafuzi, na wengine husema kwashakoo. Maana ya jina lile ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake kwa sababu mwingine amezaliwa.

Yafaa jina hilo lifikiriwe sana. Wanawake wale hawakutaja chakula. Walitaja mahali pa mtoto. Walikuwa wameona kwamba mtoto huyo hupotewa na vitu viwili kwa siku moja: maziwa ya mama yake, na mgongo wa mama yake. Katika miaka ya 1950, huko Mulago, Kampala, Bibi Marcelle Geber naye aliwachungua watoto wenye ugonjwa huo, akaona jinsi walivyokuwa wanyonge wa moyo kama walivyokuwa wanyonge wa mwili.

MFANO

Mfano ni huu. Mtoto ana umri wa mwaka mmoja na nusu, na mama yake ana mimba tena. Majirani wanamwambia mama kuwa maziwa ya mwenye mimba ni sumu. Basi mtoto anaachishwa ziwa kwa siku moja, anapelekwa kwa nyanya yake ng'ambo ya mlima. Nyanya ni mwema, lakini amezeeka, na chakula alicho nacho ni uji mtupu wa mahindi, asubuhi na jioni. Mtoto analia siku mbili. Siku ya tatu ananyamaza. Watu wanasema, "Sasa amezoea." Kumbe hakuzoea, amekata tamaa. Hataki uji, hatazami kuku wala mbuzi, na baada ya majuma machache miguu yake inajaa. Nyanya anafurahi akidhani kuwa amenenepa.

Siku anapofikishwa zahanati, muuguzi mwenye busara hamkaripii mzee. Humwuliza kwa heshima, "Susu, mtoto huyu alianza lini kunyamaza?" Naye hujibu, "Mwanangu, ni tangu mamaye aondoke." Katika jibu hilo muuguzi amepata nusu ya habari za ugonjwa.

Tena ijulikane kuwa maziwa ya mama mwenye mimba si sumu. Mtoto hunyonya maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, kisha huongezewa vyakula vingine huku akiendelea kunyonya mpaka afike miaka 2 au zaidi. Ikiwa ni lazima kumwachisha, na afanyiwe hivyo polepole, na mama akae naye karibu.

KAZI YA MUUGUZI

Muuguzi hupima mkono wa juu wa mtoto kwa utepe. Kwa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, kipimo kisichofika sentimita 11.5 ni hatari kubwa, na utepe huonyesha rangi nyekundu. Kisha hubonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba. Shimo likibaki, ule si unene bali ni maji ya ugonjwa. Mtoto aliyezidiwa hulazwa hospitali. Hufunikwa apate joto, na hupewa maziwa maalum kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Hashindiliwi chakula kingi siku za kwanza, kwa maana mwili uliodhoofu hauwezi kukipokea, na aweza kufa kwa haraka ile ile ya kumponya.

Katika mafundisho ya Shirika la Afya Duniani juu ya watoto hao ziko hatua kumi za matibabu. Hatua ya tisa si dawa wala chakula. Ni mapenzi na michezo. Mtoto hutakiwa kuzungumziwa, kuimbiwa, kubebwa, na kuchezeshwa kila siku kwa muda wa dakika 15 mpaka 30. Vitu vya kuchezea havihitaji fedha: chupa tupu yenye kokoto chache ndani na kifuniko kilichokazwa vizuri, kopo la kupiga ngoma, au mwanasesere wa matambara. Mama au nyanya hufundishwa michezo hiyo pale pale wodini ili aiendeleze nyumbani.

Asidhani mtu kuwa huo ni upuzi. Huko Kingston, Jamaica, watoto 129 waliodumaa walifuatwa kwa miaka 2, na habari zao zikachapwa mwaka 1991. Wengine walipewa chakula cha kuongeza, wengine walitembelewa kila juma na kuchezeshwa pamoja na mama zao, wengine walipata yote mawili, na wengine hawakuongezewa kitu. Chakula kilisaidia akili zao, na michezo ilisaidia. Lakini walioendelea kuliko wote ni wale waliopata vyote viwili. Basi uji na wimbo ni ndugu.

MTOTO WA SHULE

Mtoto mkubwa naye ana huzuni zake, lakini hana maneno ya kuzieleza. Husema kichwa kinauma, hukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, huogopa shule, au hugombana na kila mtu. Wengine humwita mkaidi na kumpiga, na wengine husema amerogwa.

Makueni imekwisha kuonyesha njia iliyo bora. Katika miaka ya 2010, Africa Mental Health Foundation, iliyoanzishwa na Profesa David Ndetei, ilishirikiana na watu wa kaunti hiyo. Wauguzi na matabibu wa zahanati walifundishwa kutumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, uliotolewa kwanza mwaka 2010, ili watambue maradhi ya moyo na akili na kuyatibu hapo hapo, bila kungoja daktari bingwa wa mji mkuu. Waganga wa jadi na viongozi wa dini nao waliitwa katika mashauri, wapate kuwaelekeza wagonjwa zahanati. Ni jambo la hekima, kwa maana mzazi mwenye hofu huenda kwanza kwa mtu anayemjua.

MSIBA NYUMBANI

Mwaka 2004 mahindi yaliyohifadhiwa yangali na unyevu yaliota ukungu wenye sumu. Watu 317 waliugua, na 125 kati yao walikufa, wengi wao katika wilaya za Makueni na Kitui. Fundisho la kwanza ni kuyakausha mahindi vizuri, kuyaweka juu ya ubao na si juu ya udongo, na kuyatupa yaliyoota ukungu, kwa maana kuyapika hakuondoi sumu hiyo.

Fundisho la pili husahauliwa. Kifo kikiingia nyumbani, watoto huambiwa wakacheze nje, na marehemu husemwa kuwa amesafiri. Mtoto hungoja njiani kila jioni, na safari isipokwisha hujiona kuwa ndiye aliyemkosea msafiri. Ni afadhali aambiwe kweli kwa maneno machache na sauti ya upole, na kwamba si kosa lake. Kisha ajue wazi ni nani atakayempikia na kumlaza.

YA KUFANYA

Basi kila mzazi na ayashike haya. Uji wa mtoto utiwe unga wa karanga au maziwa yakipatikana, na pojo, kunde na mbaazi zisiuzwe zote sokoni. Sehemu ya mtoto ibaki. Mtoto anayehara apewe maji ya dawa ya chumvi na sukari kutoka zahanati, aendelee kula na kunyonya, na apelekwe upesi. Baba aliye mbali akipiga simu asiulize habari za ng'ombe na ada ya shule tu. Aombe kusema na mtoto mwenyewe. Na mtoto aliyekuwa na kelele akinyamaza ghafula, asisifiwe kuwa na adabu kabla hajaulizwa ana nini.

Wahenga walisema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Muuguzi hukaa na mtoto kwa siku chache tu, kisha humrudisha mikononi mwa jamaa zake. Kazi iliyobaki ni yao.