Kura Yako Katika Mkutano wa Kampuni

(Haya ni maneno ya hotuba waliyopewa watu wenye hisa. Twayachapa hapa kwa faida ya wasomaji wetu.)



Yako mambo ambayo mtu hawezi kumtuma mwenzake. Hawezi kumtuma amlie chakula, wala amlalie usingizi. Lakini kupiga kura katika mkutano wa kampuni aweza kumtuma, na sheria yamruhusu. Leo nataka kueleza jinsi kazi hiyo ifanywavyo, na hatari iliyomo ikiwa itafanywa bila uangalifu.

Katika Kenya wenye hisa si matajiri wa mjini peke yao. Mwaka 2008 Serikali iliuza hisa 10,000,000,000 za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja, na mamia ya maelfu ya watu walizinunua, wakiwemo watu wa mishahara midogo. Viwanda vya chai vya wakulima wadogo navyo ni makampuni, na wakulima wenyewe ndio wenye hisa. Wengi katika hao hawawezi kufika mkutanoni. Mmoja hana nauli, wa pili anauguza mtoto, wa tatu yuko kazini mbali na kwao.

Watu kama hao hawakusahauliwa. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015 yasema kwamba mwenye hisa aweza kuchagua mtu wa kusimama mahali pake, yaani wakala. Wakala huyo aweza kuhudhuria mkutano, kusema na kupiga kura. Si lazima awe na hisa yeye mwenyewe: aweza kuwa mkeo, mwanao au rafiki unayemwamini. Na barua ya kukuita mkutanoni haina budi kukuarifu kwamba unayo haki hiyo.

Wakala huwekwa kwa maandishi. Kwa kawaida kampuni hupeleka fomu pamoja na barua ya mkutano. Andika jina lako kama lilivyo katika daftari la wenye hisa, kisha jina la wakala wako, tarehe, na sahihi yako. Tena fomu ifike mapema. Kanuni za kampuni haziwezi kukudai uilete zaidi ya saa 48 kabla ya mkutano; lakini ukichelewa kupita muda uliowekwa, yaweza kukataliwa. Tuseme mkutano ni Ijumaa saa nne asubuhi na muda uliowekwa ni saa 48: hakikisha fomu imepokewa kabla ya Jumatano saa nne asubuhi. Ukibadili nia, iarifu kampuni kwa maandishi upesi, kabla mkutano haujaanza.

Labda mtu atauliza, "Hisa zangu ni chache; kura yangu yafaa nini?" Jibu ni hili. Watu wakipiga kura kwa kuinua mikono, kila mtu huhesabiwa mmoja. Lakini kura ikipigwa kwa karatasi, kwa kawaida huhesabiwa hisa, wala si vichwa. Hapo mtu mmoja mwenye fomu mia mkononi ana nguvu za hisa zote za wale mia waliomtuma.

Sasa nakuja kwenye hatari yenyewe. Chukueni mfano wa mzee mwenye hisa katika kampuni iliyoundwa ili kununua shamba. Mtu anapita nyumba kwa nyumba na fomu, akisema, "Mzee, tia sahihi hapa tu, mengine tutajaza sisi." Mzee anatia sahihi. Mkutano unafanyika, na shauri lililoletwa ni kuuza sehemu ya shamba. Mzee anapokuja kulalamika, anaonyeshwa karatasi: hisa zake zilipiga kura ya kukubali, na sahihi ni yake. Hata akipata njia ya kudai haki, itamgharimu fedha na siku nyingi.

Kwa hiyo nawasihi mambo matatu. Kwanza, usitie sahihi katika fomu ambayo haijaandikwa jina la wakala. Pili, kama fomu ina nafasi ya kuonyesha kukubali au kukataa kila shauri, jaza mwenyewe. Ukiiacha wazi, wakala atapiga kura kama aonavyo yeye. Watu wengi humwandika mwenyekiti wa mkutano kuwa wakala. Hilo halikatazwi, lakini mwambie kwa maandishi unataka nini. Tatu, weka nakala ya fomu nyumbani, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Asiyejua kusoma asione haya. Na amwite mtu wa nyumbani anayemwamini, amsomee kila neno kabla ya kushika kalamu. Mwenye kuchagua wakala amejichagulia mdomo na mkono. Basi na amchague kwa uangalifu.