Daftari Kabla ya Jengo: Nafasi ya Chama cha Historia katika Kuendesha Makumbusho ya Mji wa Gisenyi

Mada kwa semina ya wadau wa urithi wa utamaduni, Wilaya ya Rubavu

1. Utangulizi



Mkazi wa Gisenyi anayetaka kuona makumbusho ya taifa la Rwanda hufunga safari hadi Huye, Nyanza, Kigali au Mulindi. Kando ya Ziwa Kivu yapo ya Mazingira, nayo yako Karongi. Hata hivyo historia hapa si haba. Mji huu ulikuwa kituo cha Wajerumani hadi Wabelgiji walipouteka mwaka 1916. Tarehe 20 Septemba 1976 mkataba wa kuunda CEPGL, jumuiya ya uchumi ya Rwanda, Burundi na Zaire, ulitiwa saini hapa hapa. Mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipolipuka Januari 2002, na tena Mei 2021, watu wa Goma, ng'ambo ya mpaka, walikimbilia kwetu.

Hoja yangu ni moja: mji ukipata makumbusho yake, serikali imiliki jengo na kulipa mishahara, lakini kukusanya habari za vitu na kutunza daftari la vitu hivyo kuwe jukumu la chama cha historia cha wenyeji, kwa mkataba ulioandikwa.

2. Mafunzo kutoka kwa majirani

Nairobi, makumbusho yalianzishwa na chama. Wapenzi wa elimu ya viumbe na mazingira waliunda chama chao mwaka 1909, na mwaka uliofuata wakafungua chumba cha kuhifadhia mikusanyo yao. Mwaka 1930 likafunguliwa jengo la Makumbusho ya Coryndon, ambayo baada ya uhuru yaligeuka kuwa makumbusho ya taifa. Chama hakikufa, leo kinaitwa Nature Kenya.

Kampala njia ilikuwa nyingine. Chama cha Uganda Society, chenye mizizi tangu 1923, kilijijengea jina kwa jarida lake, Uganda Journal, na maktaba yake iko ndani ya Makumbusho ya Uganda. Serikali ina jengo na mikusanyo. Chama kina vitabu na watafiti.

Miji yote miwili inatufundisha jambo lile lile: chama hudumu kikiwa na kazi yake mahususi, isiyofanywa na ofisi nyingine.

3. Kazi ya chama

Chukua mfano wa chombo cha wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu: mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu katikati, taa za kuvutia samaki usiku. Kikiwekwa ukumbini na kibao kilichoandikwa “mitumbwi ya wavuvi”, mgeni atapiga picha na kwenda zake. Mwanachama aliyekulia Rubona, kando ya ziwa, atauliza mengine. Sambaza waliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Je, wazee walivua nini kabla ya hapo, na kwa zana gani? Nani alileta ufundi wa kuunganisha mitumbwi mitatu? Taa za mafuta ziliachwa lini? Nyimbo za kupigia makasia ziliimbwa kwa lugha gani?

Majibu hayo wanayo watu, na watu hufa. Kila kitu kinachopokelewa kiandikwe jina la mtoaji, mahali kilipotumika, tarehe, maelezo yake kwa maneno yake mwenyewe, na sharti: ni zawadi au ni cha kuazima? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Maelezo yaandikwe kwa lugha aliyoitumia msimulizi, iwe Kinyarwanda, Kiswahili au Kifaransa, ndipo yatafsiriwe.

4. Mipaka ya chama

Kwanza, wanachama wa kujitolea hawawezi kulinda jengo usiku na mchana wala kulipa umeme. Pili, ushahidi wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 una mahali pake. Chama kikipata kitu cha aina hiyo kikikabidhi kwa wasimamizi wa kumbukumbu, nacho kisikibakize kama kivutio cha watalii. Tatu, chama kikitawaliwa na familia chache za mjini, makumbusho yatasimulia habari za familia hizo tu. Wavuvi, akina mama wanaofanya biashara ya mpakani na waumini wa dini zote wawe na viti kwenye kamati.

5. Mapendekezo

(a) Wilaya na chama watie saini mkataba unaotaja mmiliki wa kila kitu, na kitakakopelekwa chama kikivunjika.

(b) Daftari liwe na nakala mbili, moja wilayani, moja kwa chama.

(c) Sehemu ya kiingilio, itakayotajwa katika mkataba, iende kwenye kurekodi simulizi za wazee.

(d) Wataalamu wa makumbusho ya taifa wawafunze wanachama kuhifadhi mbao, vitambaa na picha.

(e) Kazi ya kurekodi ianze sasa, katika chumba cha kuazima cha shule au parokia. Jengo linaweza kusubiri bajeti. Mzee wa miaka themanini hawezi.