Dawa ya Nyanya na Misuli ya Mtoto

Leo tuangalie dawa tunazopiga kwenye nyanya na vitunguu hapa Kimana.

Mtoto anapoinua mkono, neva hutoa kemikali inayouamuru msuli ukaze. Papo hapo kimeng'enya kilicho kati ya neva na msuli huivunja kemikali hiyo, na msuli hulegea. Baadhi ya dawa za wadudu, hasa za kundi la oganofosfeti, hukizuia kimeng'enya hicho. Basi amri haikomi. Misuli hutetemeka, kisha huishiwa nguvu, hata ile ya kupumua.

Dalili ni hizi: mboni za macho kuwa ndogo sana, mate na machozi mengi, jasho, kutapika, kuhara, misuli kuchezacheza na kupumua kwa shida.

Ukiziona, mvue nguo na umwoshe kwa sabuni na maji mengi, ukivaa glavu ukiwa nazo. Usimtapishe wala usimpe maziwa. Mkimbize hospitali pamoja na chupa ya dawa, ili daktari ajue la kufanya. Atropini huokoa maisha, lakini nguvu huweza kuchukua siku au wiki kurudi, kwani mwili hutengeneza kimeng'enya kipya.

Mama, usiweke dawa kwenye chupa ya soda. Ifungie mbali na watoto. Aliyepiga dawa aoge na kubadilisha nguo kabla ya kumbeba mtoto.