Kipa wa futsal hapimwi kwa michomo tu

Aprili 2025 mjini Rabat, wanawake wa Tanzania walifungwa 3-2 na Morocco katika fainali ya Kombe la Afrika la futsal, lakini walikata tiketi ya Kombe la Dunia. Kwa kijana wa Ndera, wilayani Gasabo jijini Kigali, anayeota kudaka, safari ile inaonyesha kwamba ukanda huu unaweza.

Je, kipa huyo apimwe vipi? Wengi huhesabu michomo aliyookoa. Haitoshi hata kidogo. Lango lina upana wa mita 3 na kimo cha mita 2 tu, hivyo kipa anayetoka haraka na kumbana mshambuliaji hulazimisha mpira upigwe nje. Mchomo huo hauandikwi popote, ingawa kazi ni yake!

Tena kuna miguu. Akiwa katika nusu yake ya uwanja, ana sekunde 4 tu za kukaa na mpira, hivyo lazima ajue kuucheza. Leo Higuita, mzaliwa wa Brazil, aliisaidia klabu ya Kairat ya Kazakhstan kutwaa ubingwa wa Ulaya 2013 na 2015 huku akipanda kushambulia kama mchezaji wa tano.

Makocha wa Kigali waandike pia pasi zake, zilizofika na zilizopotea.