Tuwaulize Wagombea Wote Maswali Yaleyale

Sikuja hapa kumpigia debe mgombea wala chama chochote. Nimekuja tuzungumze kuhusu maswali tunayowauliza watu wanapotuomba kura.

Mwanamume akitangaza kuwania kiti cha wadi, tunamuuliza: Maji utatuletea? Barabara je? Basari utagawa vipi? Mwanamke akisimama mahali palepale, swali la kwanza huwa ni kama ameolewa. Akiwa ameolewa, tunamwambia akatafute kura kwa mumewe. Akienda huko, anaambiwa yeye ni mgeni, arudi kwao. Asipokuwa na mume, tunasema aliyeshindwa na nyumba hawezi wadi. Sasa mama huyu ajibu nini ili turidhike?

Jambo hili si geni. Marehemu Joyce Laboso aliambiwa na wapinzani wake akaombe kura Nyanza, alikoolewa. Wapiga kura wa Bomet waliamua vingine. Mwaka 2017 walimchagua kuwa gavana, naye pamoja na Charity Ngilu wa Kitui na Anne Waiguru wa Kirinyaga wakawa magavana watatu wa kwanza wanawake nchini. Mwaka 2022 walichaguliwa magavana wanawake saba. Ni hatua, lakini kaunti ni 47.

Katiba yetu inasemaje? Kifungu cha 193 kinataka anayewania kiti cha wadi awe mpiga kura aliyesajiliwa na atimize masharti ya elimu na maadili. Ateuliwe na chama, au akiwa mgombea huru, aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 wa wadi hiyo. Cheti cha ndoa hakimo.

Tazameni pia mikutano ya usiku. Mwanamume akirudi nyumbani saa sita za usiku wakati wa kampeni, tunasema ni mchapakazi. Mwanamke akihudhuria mkutano uohuo, asubuhi jina lake limechafuliwa sokoni na kwenye makundi ya WhatsApp. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Je, angekuwa binti yako?

Wengine huwaambia wanawake, "Nyinyi mna kiti chenu." Ni kweli Katiba ilitenga viti 47 vya Mwakilishi wa Wanawake. Lakini haikusema viti vingine ni vya wanaume. Grace Onyango alichaguliwa mbunge wa Kisumu mwaka 1969, zaidi ya miaka 40 kabla ya viti hivyo kuwepo.

Ndugu zangu, hasara hii si ya wagombea peke yao. Mama anayejua ni kwa nini zahanati haina dawa akinyamazishwa kwa matusi, wadi nzima imekosa mtu wa kuisemea.

Kwa hivyo, tunapoelekea Uchaguzi Mkuu wa 2027, nawaomba mambo matatu. Kwanza, swali ambalo huwezi kumuuliza mgombea mwanamume, usimuulize mwanamke. Pili, ukitumiwa picha au maneno ya kumdhalilisha mgombea, usiyasambaze. Tatu, ukiona mgombea akitishwa au akipigwa, piga ripoti polisi na kwa tume ya IEBC. Kutumia nguvu au vitisho katika uchaguzi ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016. Nanyi viongozi wa vyama, Kifungu cha 91 cha Katiba kinawataka mheshimu na kukuza usawa wa jinsia. Muanzie kwenye mchujo.

Kura ni yako na ni siri yako. Mpe unayemtaka, mwanamume au mwanamke. Ukimnyima, mnyime kwa sababu ya kazi yake.