Talaka ya mapatano na talaka ya ubishi: sheria ya India inatufundisha nini?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya viongozi na familia za wakimbizi wa ndani)



Katika mkutano uliopita mliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri. Bwana na bibi mmoja walifika mbele ya barza, wakasema wamepatana kuachana. Karatasi ikaandikwa, vidole gumba vikapigwa, na wazee wakafurahi kwamba hakuna ugomvi. Siku nane baadaye yule mama akarudi peke yake akasema: "Nilikubali kwa sababu ya woga." Mkauliza: je, hayo yalikuwa mapatano?

Chuoni tulisoma kidogo sheria za ndoa za nchi nyingine, na ile ya India ilinibaki kichwani kwa sababu imehangaika sana na swali hili hili. Hapa Kivu Wahindi tunawajua kama askari wa Umoja wa Mataifa au wenye maduka. Kwao kuna watu zaidi ya bilioni moja na dini nyingi, na sehemu kubwa ya sheria za ndoa hufuata dini ya mtu. Wahindu, pamoja na Wabudha, Wajaini na Masinga, wana sheria yao ya mwaka 1955. (Tusichanganye: Mhindi ni mtu wa India, Mhindu ni mtu wa dini.) Wakristo wana yao ya tangu 1869. Waislamu wana taratibu zao, na wanaooana bila kufuata sheria ya dini yoyote wana sheria ya 1954. Leo nitasema zaidi juu ya ile ya 1955, maana inagusa watu wengi kuliko nyingine.

Hapo mwanzo, aliyetaka talaka alipaswa kumshtaki mwenzake kwa kosa fulani. Mwaka 1976 ikaongezwa talaka ya mapatano. Bwana na bibi wanapeleka ombi moja kwa pamoja. Wanasema kwamba wameishi mbalimbali mwaka mmoja au zaidi, kwamba wameshindwa kukaa pamoja, na kwamba wamekubaliana ndoa ivunjwe. Hakuna anayemchafua mwenzake mbele ya watu.

Lakini sikilizeni vizuri sehemu inayofuata. Hakimu hatoi talaka siku ile. Anawarudisha nyumbani. Wanapaswa kufika mara ya pili, si kabla ya miezi 6 kupita na si baada ya miezi 18. Kisha hakimu anawasikiliza na kuchunguza kama ndivyo ilivyo. Mwaka 1991 Mahakama Kuu kabisa ya India iliamua kwamba mmoja wao anaweza kuondoa kibali chake wakati wowote kabla ya hukumu. Yaani "ndiyo" ya siku ya kwanza haitoshi. Lazima iwe bado hai siku ya mwisho. Mume akisema "lakini ulikwisha kutia sahihi", hilo halimsaidii.

Wengine walilalamika kwamba miezi hiyo 6 inawatesa watu ambao mambo yao yamekwisha. Mwaka 2017 mahakama hiyo ikasema hakimu anaweza kuiondoa, ikiwa wametengana muda mrefu, juhudi za kuwapatanisha zimeshindikana, na mambo ya matunzo na watoto yamekwisha kumalizwa kweli. Mimi naona hilo la mwisho ndilo kiini. Watu wengi hupatana juu ya kuachana, hawapatani juu ya maisha ya baadaye.

Talaka ya ubishi ni njia nyingine. Mmoja anataka, mwingine hataki. Anayetaka lazima athibitishe sababu iliyoandikwa katika sheria: uzinzi, ukatili, kumtupa mwenzake miaka 2 mfululizo, kutosikika kama yu hai kwa miaka 7, na nyingine chache. Mashahidi wanaitwa, siri za nyumba zinatolewa nje, na kesi inaweza kuchukua miaka mingi. Wakati kesi inaendelea, asiye na kipato anaweza kuomba matunzo. Na tangu sheria ya 1987 mwanamke ana haki ya wakili wa bure, awe maskini au tajiri.

Katika orodha ile hakuna sababu ya kusema tu "ndoa yetu imekufa". Mwaka 2023 Mahakama Kuu kabisa ilisema yenyewe inaweza kuvunja ndoa iliyokufa, hata mmoja akikataa. Mahakama za chini hazina uwezo huo. Kwetu Kongo ni kinyume: sheria yetu ya jamaa ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inasimama juu ya kubomoka kwa ndoa bila matumaini, na hakimu lazima kwanza ajaribu kuwapatanisha.

Kwa Waislamu, mwaka 2017 mahakama ya India ilikataa talaka tatu za papo hapo, na sheria ya 2019 ikaifanya kuwa kosa la jinai. Mume hawezi tena kumaliza ndoa kwa pumzi moja.

Sasa turudi kwetu. Barza haitoi talaka. Kwa sheria yetu talaka hutolewa na hakimu. Lakini najua tribinali iko mbali, na watu huja kwenu kwanza. Basi karatasi yenu isiitwe talaka. Msiwasikilize wawili pamoja tu; mama asikilizwe peke yake, akiwa na mama mwenzake wa kamati. Wapeni muda. Na muulize mambo ambayo karatasi ile haikutaja hata moja: watoto wanne watalala wapi? Nani anabaki na kibanda? Karatasi ya kupokea chakula iko kwa jina la bwana. Siku ya mgao mama atasimama mstari gani? Nilipomuuliza huyo mama juu ya woga wake, hakunitajia fimbo. Alitaja karatasi hiyo ya chakula.

Wazee walikubali kuweka ile karatasi kando. Bwana alinung'unika, akasema tunamchelewesha. Nilimjibu kwamba kama mke wake anakubali kweli, atakubali pia mwezi ujao, jina lake likiwa kwenye mgao. Tumeomba wanaohusika na orodha wamwandikishe mama kwa jina lake, na wote wawili watafika tena mbele ya barza baada ya hapo.